Mtoto Akigonga Kichwa: Dalili za Damu Kuvuja Karibu na Ubongo

 

Mtoto ameanguka kutoka kwenye mpera, au ametupwa na bodaboda. Analia kidogo, anainuka, anarudi kucheza. Tunamshukuru Mungu na kuendelea na kazi. Jioni anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia. Je, ni uchovu tu?

Wasikilizaji, mtoto anapogonga kichwa, mshipa wa damu ulio kati ya fuvu na ubongo unaweza kupasuka. Damu huvuja polepole. Fuvu ni gumu, kwa hiyo damu hukosa pa kwenda na huubana ubongo. Ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha akazidiwa ghafla.

Mwangalieni kwa karibu mchana na usiku, kwa saa 24. Anaweza kulala, lakini mwamsheni mara kwa mara muone kama anawatambua na kuzungumza kama kawaida.

Mpelekeni hospitali mara moja mkiona hata dalili moja kati ya hizi:

- Alizimia, hata kwa muda mfupi.
- Anatapika zaidi ya mara moja.
- Kichwa kinazidi kuuma.
- Ni vigumu kumwamsha, au maneno yake hayaeleweki.
- Mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jingine.
- Mkono au mguu mmoja umelegea.
- Amepata degedege.
- Damu au maji yanamtoka puani au masikioni.

Kwa mtoto mchanga, tazameni utosi uliovimba, kukataa kunyonya, au kilio kisichotulizika. Aliye chini ya mwaka mmoja apelekwe akaguliwe hata bila dalili.

Kukanda nundu hakuondoi damu iliyo ndani. Msimpe aspirini, kwa sababu huzidisha kuvuja damu. Wala msingoje kukuche. Nendeni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Kitale au Bungoma. Akihitaji upasuaji wa ubongo, huenda akapelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Safari hiyo inahitaji muda, basi msiupotezee nyumbani.

Mkifika, mwelezeni daktari mtoto aliumia saa ngapi, vipi, na amebadilikaje tangu hapo.

 Mwambieni na jirani.