Jani la Umuravumba na Kipimo Chake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kibagabaga, Kigali)

 

Nimetakiwa kusema machache juu ya afya, nami nimechagua mmea ambao wengi wenu mmeujua tangu utoto: umuravumba.

Asili yake ni mmea wa porini, huota kando ya mito na katika miteremko ya vilima, walakini wazee wetu waliuhamishia uani. Ni wa ukoo mmoja na mrehani na nanaa. Majani yake yana vinyweleo, hunata mkononi, na harufu yake ni kali. Watu huyatwanga au huyachemsha kwa ajili ya kikohozi, homa, maumivu ya koo na kuhara. Tena wako wakulima wanaochanganya majani makavu na maharagwe ghalani ili wadudu wasiyaharibu.

Je, hayo yana ukweli, au ni mazoea tu? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare, mji uitwao leo Huye, hawakuwacheka waganga. Waliyachukua majani yale, wakayatoa viini vyake, wakavijaribu. Mwaka 1986 Luc Van Puyvelde na wenzake walitangaza kwamba wamepata katika jani hilo kiini chenye kuzuia bakteria na kuvu za namna kadhaa. Mwaka uliofuata wakaeleza kwamba kiini kicho hicho hulegeza mkazo wa utumbo wa mnyama wa majaribio. Baadaye ikajaribiwa habari ya ghala, nayo ikaonekana kwamba mmea huu hupunguza wadudu wa nafaka na maharagwe.

Basi wazee hawakusema uongo. Lakini hapa ndipo penye neno langu. Jani lenye nguvu ya kuzuia vijidudu si kitu cha kunywewa ovyo. Kilichojaribiwa katika maabara ni kiini kilichotengwa na kupimwa. Katika sufuria zetu kipimo hakijulikani, kwani konzi ya mama huyu si konzi ya yule. Tena lililotendeka katika kichupa si hoja ya kutosha kwamba litatendeka katika damu ya mtoto.

Tazameni habari ya Uchina. Huko mmea uitwao qinghao ulitumiwa kwa homa karne nyingi. Bibi Tu Youyou, aliposoma kitabu cha kale kilichoeleza kuuloweka na kuukamua, alitambua kwamba huenda moto ndio ulioharibu nguvu yake. Akatumia njia isiyo ya moto mkali, na mwaka 1972 kiini chenyewe kikatengwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya majani hayo, maana kiini kilichomo hakilingani na mara nyingi hakitoshi.

Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametufunza kwamba kila maradhi yameumbiwa dawa. Ametufunza pia kwamba mwenye kutibu watu bila ya kuujua utabibu hubeba dhamana ya madhara yake. Mafunzo haya mawili hayatengani.

Kwa hiyo nawaomba haya. Mtoto akishikwa na homa, msingoje jani lifanye kazi siku tatu. Mpelekeni siku ile ile kwa mshauri wa afya wa mtaa au hospitali hapa Kibagabaga, apimwe damu. Ikiwa amekwisha kunyweshwa majani, mwambieni daktari bila ya haya, ajue la kufanya. Mama mja mzito asinywe kabla ya kuuliza. Nanyi wazee mnaoijua mimea, waiteni vijana waliosoma, waandike majina yake na matumizi yake, ili elimu hii isizikwe pamoja nasi.