Sanduku la Mwanafunzi: Kila Kilichomo, Mwenyewe Akijue

Hotuba kwa wazazi na vijana wa maeneo ya mpakani, iliyotolewa Buyenzi, Bujumbura



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: polisi wana nini na shuka, ndoo na godoro la mwanafunzi? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Kila mwaka masomo yanapokaribia kuanza, vituo vya Gatumba, Kobero na Mugina hupitisha wasafiri tunaowatambua kwa mbali: mzazi mmoja, kijana mmoja, sanduku moja la bati, na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Wengine hawavuki mpaka. Hutoka Nyanza-Lac, Rumonge, Muyinga au Cankuzo na kuteremka Bujumbura. Ndani ya sanduku lile mna jasho la mavuno kadhaa. Likipotea, likiibwa au likikamatwa, familia nzima huyumba, na mara nyingi habari hiyo hutufikia sisi kwanza. Ndiyo maana leo tumechagua kuzungumza nanyi juu ya kufunga mzigo na kununua vifaa vya chumba cha mwanafunzi.

Tuanze na kisa kimoja kilichofika mezani petu. Hatutataja jina la msichana huyu wala kituo alichopitia, kwa kuwa heshima yake ni amana. Mama yake, mchuuzi wa ndagala, alitumia miezi mitano kumkusanyia vifaa, kimoja baada ya kingine. Jioni ya kuamkia safari, jirani alibisha hodi akiwa na katoni ndogo. "Mwanangu," alisema, "nipelekee sabuni hizi kwa mdogo wangu, atakungoja kituo cha basi." Nani angekataa? Jirani huyo alimbeba msichana mgongoni tangu akiwa mchanga. Katoni ikawekwa juu ya nguo, sanduku likafungwa.

Kesho yake, katika ukaguzi, askari alimwuliza: "Dada, sanduku hili ni lako?" Akajibu kwa fahari: "Ndiyo, afande, ni langu." Akaulizwa tena: "Na vyote vilivyomo ni vyako?" Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo. Chini ya vipande vya sabuni palikuwa na bangi.

Wapendwa, uchunguzi huanza na kilichokutwa mkononi mwa mtu. Habari za aliyempa huja baadaye, na huhitaji kuthibitishwa. Msichana alikuwa na daftari ambamo aliandika kila kitu alichofungasha, na katoni ile haikuwamo. Daftari halikumfungulia mlango papo hapo, lakini liliwapa wapelelezi mahali pa kuanzia. Aliachiliwa baada ya siku kadhaa. Alipofika chuoni, siku za kujiandikisha zilikuwa zimepita, na mama yake alikuwa amemaliza mtaji wa ndagala kwa nauli za kwenda na kurudi. Nasi tulipata la kujifunza, kwani mama yule alikaa nje saa nyingi bila kuelezwa mwanawe yuko wapi. Haikupasa iwe hivyo, na tumelisema hilo mbele ya wenzetu kama tunavyolisema mbele yenu.

Kutokana na kisa hicho, neno letu la leo ni moja: kila kilichomo sandukuni, mwenye sanduku akijue. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana afungashe kwa mikono yake mwenyewe, aandike, kisha afunge kufuli na ufunguo akae nao. Anayeombwa kubeba mzigo wa mtu aufungue mbele ya mwenyewe na kuuangalia hadi chini. Mwenye mzigo akikasirika, amekwisha kukujibu. Kukataa hakuvunji ujirani, mwambieni kwa upole, "Shangazi, unisamehe, sanduku limejaa."

Pili, karatasi. Katika sanduku zima, vitu visivyonunulika sokoni ni hivi: diploma na hati za mtihani wa taifa, karangamuntu au pasipoti, cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo, na picha ndogo za mhusika. Toeni nakala za kila hati, nakala zilizothibitishwa zisafiri, na seti nyingine ibaki nyumbani. Hati asilia zisiwekwe sandukuni linalopandishwa juu ya basi. Zikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya bahasha isiyoingiza maji. Ndugu zetu wa Gatumba hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi Aprili 2020, mto Rusizi ulipofurika, wengi walitoka majumbani mwao mikono mitupu, na nguo zilianikwa zikakauka, lakini karatasi hazikurudi.

Wanaotoka nchi jirani kuja kusoma kwetu, au wetu wanaokwenda kwao, wapitie ofisi ya uhamiaji kabla ya safari, si baada yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua haki ya mwanafunzi kuingia nchi mwanachama kwa ajili ya masomo, lakini haki hiyo ina hati yake. Atakayeingia kama mtalii na kukaa kama mwanafunzi atajitafutia usumbufu.

Tatu, kununua. Hapa tunawasihi wazazi wapunguze haraka. Kabla ya kununua hata kijiko, ulizeni kijana atalala wapi. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, kina kampasi zaidi ya moja: Mutanga, Kiriri na Kamenge ziko hapa Bujumbura, na Zege iko Gitega. Bujumbura iko kando ya ziwa, joto lake mnalijua. Shuka mbili nyepesi na chandarua chenye dawa vinatosha, na blanketi zito litageuka mzigo. Gitega iko juu milimani, na usiku wake humwuma aliyezoea Imbo; huko blanketi na sweta ni lazima. Wazazi wawili wanaweza kutoka kilima kimoja, na masanduku ya watoto wao yasifanane.

Ulizeni pia kama chumba kina kitanda, godoro na kabati, na kama kupika kunaruhusiwa. Vyumba vya chuo havitoshi wote. Wengi hupanga Nyakabiga, Bwiza, Kamenge au Gihosha, wawili au watatu pamoja. Basi wakazi wa chumba kimoja wapigiane simu mapema. Tumeona chumba chenye sufuria nne na ndoo hakuna! Mmoja alete sufuria, mwingine ndoo na beseni, wa tatu taa ya kuchaji, maana umeme hukatika na mshumaa kando ya chandarua ni hatari. Cha kila mtu peke yake ni hiki: godoro, shuka, chandarua, taulo, sahani, kikombe, kandambili, mwavuli wa msimu wa mvua, sabuni, dawa alizoandikiwa na daktari pamoja na cheti chake, na kufuli mbili zilizo imara, moja ya sanduku na moja ya mlango.

Si kila kitu kibebwe kutoka nyumbani. Tangu moto wa tarehe 27 Januari 2013 ulipoteketeza Soko Kuu la Bujumbura, biashara ya jiji imesambaa katika masoko mengine. Hapa Buyenzi mna Ruvumera. Bwiza kuna Jabe. Kuna pia soko wanaloliita Kwa Siyoni, na lile la COTEBU. Ndoo, beseni na godoro vinapatikana huko, na nauli ya kuvibeba kutoka mpakani huenda ikazidi nafuu ya bei. Mgeni asiende sokoni siku ya kwanza akiwa na fedha zote mfukoni. Afike, apumzike, aulize bei kwa wenyeji wawili watatu, kisha aende asubuhi na mtu anayemwamini, akiwa na fedha za siku hiyo tu. Nyingine zibaki kwenye simu, na nambari yake ya siri asimpe mtu, hata anayedai kupiga kutoka kampuni ya simu.

Juu ya simu na kompyuta tuna neno la pekee. Kijana atakutana na mtu mwenye kompyuta nzuri kwa nusu ya bei, tena mwenye haraka. Atakayenunua kitu cha wizi anaweza kukipoteza, kupoteza fedha zake, na kuitwa kujieleza. Nunueni kwenye duka lenye mlango unaoweza kuurudia kesho, mpewe risiti yenye jina la muuzaji na nambari ya kifaa. Kwa simu, bonyezeni *#06#. Itatokea nambari yenye tarakimu 15. Iandikeni daftarini na nyumbani pia. Simu ikiibwa, anayetuletea nambari hiyo anatupa cha kufuatilia. Asiyenayo anatuletea huzuni tu.

Nne, mpaka wenyewe. Vitu vipya semeni ni vipya, na risiti ziwe tayari. Wanaonunulia wanafunzi kwa jumla, kama vikundi vya akina mama, wajue kwamba bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama wa Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, ikiwa thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, si kila kodi. Malipo yoyote yawe na risiti. Askari au ofisa akidai fedha bila karatasi, ombeni jina lake na mkuu wa zamu. Mna haki pia ya kushuhudia sanduku lenu likifunguliwa. Anayekagua mzigo mwenyewe akiwa hayupo anajitia shaka na kumtia shaka mwenye mzigo.

Mambo mawili madogo huwasahaulisha wengi. Kwanza, mifuko ya plastiki: Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na sisi tuna amri yetu ya mwaka 2018. Fungeni nguo katika kanga au mfuko wa kitambaa. Pili, pasi au chaja iliyonunuliwa Kigoma huja na plagi ya miguu mitatu bapa, na prizi zetu zina matundu ya duara. Nunueni kiunganishi cha kweli. Msichomeke waya mitupu kwa vijiti vya kibiriti.

Tano, chumba. Makomisioneri wa nyumba wako waaminifu, na wako wanaopangisha chumba kimoja kwa wanafunzi wanne kisha wakazima simu. Msitume fedha kwa chumba msichokiona. Mtu wenu akakione, azungumze na mwenye nyumba mwenyewe, na malipo yaandikwe na kutiwa saini mbele ya shahidi. Na mbabura yenye makaa isiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuikimbia. Jikoni au barazani, penye hewa, ndipo mahali pake.

Wazazi wetu wapendwa, tunajua kwamba mzazi anapojaza sanduku anajaribu kufungasha na wasiwasi wake. Unga wa ziada, chumvi ya ziada, sufuria ya tatu: ni upendo uliokosa pa kukaa. Lakini jioni moja kabla ya safari, ketini na mwanenu sakafuni, daftari mkononi. Kitoeni kila kitu, mkitaje, mkiandike, mkirudishe. Nakala ya orodha ibaki kwenu. Kazi hiyo haigharimu hata faranga moja, na kijana atakapoulizwa mpakani kama vyote vilivyomo ni vyake, atajibu bila kunyamaza.

Msichana tuliyemtaja alikubaliwa na chuo chake mwaka uliofuata. Safari hii alipita kituo kile kile na sanduku lile lile. Alilifungua mwenyewe kabla ya kuombwa, akatoa daftari, akasoma: shuka mbili, chandarua kimoja, ndoo moja... Askari alimsikiliza hadi mwisho, akamrudishia ufunguo, akamtakia masomo mema. Hivyo ndivyo tungependa kukutana na watoto wenu wote.