Karibu kwa Macho, Mbali kwa Moyo



Jioni ya tarehe 21 Desemba 2020, watu wengi walitazama magharibi baada ya jua kutua. Sayari mbili, Mshtarii na Zohali, zilikuwa zimekaribiana mno. Mtu akinyosha mkono mbele na kuinua kidole chake cha mwisho, ncha yake hufunika kama digrii 1 ya anga. Jioni ile, nafasi kati ya sayari hizo ilikuwa kama sehemu moja tu ya kumi ya digrii hiyo. Tangu mwaka 1623 hazikuwa zimekaribiana hivyo. Wengine waliziona kama nyota moja.

Je, zilikuwa karibu kweli? La, hasha! Zohali ilikuwa nyuma ya Mshtarii kwa kilometa zaidi ya milioni 700. Zilikuwa zimepangana tu machoni petu sisi tulio duniani.

Wapendwa, nasi twaweza kuwa hivyo. Tuliwajua ndugu wawili waliokaa benchi moja kanisani kila Jumapili, wakiimba katika kitabu kimoja. Tuliwasifu kwa umoja wao. Kumbe tangu shamba la baba yao lilipogawanywa, hakuna aliyekanyaga boma la mwenzake. Mmoja alipougua, sisi ndio tuliompelekea uji. Nduguye, aliyekaa ng'ambo ya ua tu, hakufika. Alikuja siku ya mazishi, akalia sana. Nasi tuliona haya, kwa maana miaka ile yote tulitazama benchi, hatukuuliza habari za mioyo.

Hata nabii Samweli, nyumbani mwa Yese, alikaribia kukosea vivyo hivyo, mpaka Mungu akamfundisha kwamba Yeye hutazama moyo. Naye Bwana Yesu alituagiza tuiache sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza tupatane na ndugu.

Sayari haziwezi kugeuza njia zao. Sisi twaweza, kwa neema ya Mungu. Ewe msikilizaji, ni nani aliye karibu nawe kwa benchi lakini mbali kwa moyo? Usingoje mazishi. Nenda jioni hii ukabishe hodi.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uonaye umbali ulio kati yetu, tupe miguu ya kuuvuka. Amina.