Laiki hazina miguu

(Hii ni mada iliyotolewa kwenye semina ya viongozi wa vijana wa kata. Mtoa mada ni mshauri wa masoko na mwanachama wetu wa siku nyingi. Ameomba jina lake lisiwekwe kwa sababu baadhi ya wateja wake ni watu wa upande wa pili, na ana watoto wa kusomesha. Tumepunguza salamu tu, mengine yako kama alivyoyasema.)

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa mitandao, naomba nimsahihishe kwa heshima. Mimi nauza vitu vya watu. Wiki hii nina duka la pembejeo, nina shule moja ya awali, na nina mama mmoja anayesaga unga wa lishe. Wote wananilipa kwa swali moja: mteja kaja au hajaja? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mwisho wa mwezi laiki ni ngapi. Wanaoulizana laiki ni sisi huku kwenye chama.

Nianze na aibu yangu. Kuna mwaka tuliandaa mkutano wa ndani wa vijana wa kata, matangazo nikapewa mimi. Nikatengeneza bango kwenye Canva, bango kali kwelikweli, rangi zimekaa, picha imekaa. Nikalirusha kwenye grupu letu. Grupu lilikuwa limejaa kabisa, na grupu la WhatsApp linajaa likifika watu 1,024. Mioto ikamiminika, makofi, "tupo pamoja kamanda". Siku ya mkutano walikuja kumi na tisa. Wawili kati yao walikuwa wapishi.

Nilikaa wiki nzima napiga simu, mtu mmoja mmoja, kujua kulikoni. Wengi hawaishi kata ile. Kuna ndugu yetu mmoja yuko Muscat, anatuunga mkono kwa moyo wote, hakuna posti anayoiacha bila moto, lakini miguu yake iko Muscat. Wengine grupu wamelizima sauti tangu siku walipoingizwa. Na majirani wa ukumbi, watu wa mita mia mbili, hawakuwemo kabisa. Hakuna aliyewahi kuwaomba namba.

Tangu siku hiyo nikianza kazi na mteja yeyote, siulizi ana wafuasi wangapi. Naomba daftari lake la wateja. Kama hana, tunaanza hapo.

Sasa vifaa. Najua mlikuja kusikia vifaa. Mpakue WhatsApp Business, ni bure. Inakuwezesha kumwekea kila mtu lebo: huyu bodaboda, huyu mama lishe, huyu mkulima wa mpunga, huyu wa mtaa wa juu. Halafu unatengeneza orodha ya kutangazia, watu hadi 256 kwa orodha moja. Kila mmoja anapata ujumbe peke yake kama vile umemwandikia yeye, hakuna kelele za grupu, hakuna mtu wa kumtukana mwenzake saa sita usiku. Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi mnapokwama: ujumbe wa namna hiyo unamfikia tu yule aliyesevu namba yako. Asiyekusevu hapati kitu, na wewe wala hujui. Kwa hiyo kazi ya mtaani haiishii kwenye "nipe namba yako". Mwambie anisevu, simama hapohapo mpaka asevu.

Na kwa nini akusevu? Yule mama wa unga kila Ijumaa anatuma namna ya kupika uji wa mtoto asiyependa kula. Wanawake wanamsevu kwa ajili ya uji, unga unafuata. Sisi tunatuma nini? Picha ya kiongozi na kaulimbiu. Mtu keshaiona mara mia. Mtumie kitu cha kumsaidia. Mwambie halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mweleze kikundi kinaundwaje na fomu zinachukuliwa wapi. Mkumbushe kwamba mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu na kwamba mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu. Mwambie lini, saa ngapi, na wewe uwepo pale na daftari. Ukimfanyia hivyo miezi sita, siku ukimwomba aje kulinda kura atakuwa anakujua wewe ni nani.

SMS msizidharau. Wazazi wetu wengi wanatumia simu ndogo. Ila wanaolipia SMS za mpigo wajue hesabu: ujumbe mmoja ni herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukichomeka kikatuni kimoja tu cha ngumi au bendera, kikomo kinashuka mpaka herufi 70, na ujumbe uliodhani ni mmoja unatozwa kama miwili au mitatu. Nimeona mgombea udiwani akimaliza bajeti yake kwa sababu ya ngumi. Andika maneno matupu. Anza na jina la mtaa, maana mtu akiona jina la mtaa wake anasoma.

Halafu jiulize: ikizimwa je? Siwatishi, nakumbusha. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2020, huduma ya SMS za mpigo ilisimamishwa nchi nzima, na mitandao ikawa inasuasua. Mei 2025 X ikafungwa. Kijana aliyekuwa amejenga jina lake lote kule akabaki ameshika simu tu. Usijenge nyumba yako yote kwenye kiwanja cha mtu. Facebook, TikTok, X, vyote ni viwanja vya watu. Daftari ndilo kiwanja chako.

Wenzetu walilijua hili zamani. Wana balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU, na balozi hahitaji bando. Mnamcheka balozi kwa kofia yake, lakini anajua nani kalazwa hospitali, nani kafiwa, nani kahama. Na kabla ya balozi alikuwepo Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, hakuanza na mkutano wa hadhara. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, mahali ambako watu walikuwa tayari wanakutana, wanaaminiana na wana viongozi wao. Sisi watu wa masoko tunalipwa hela nyingi kuelezea jambo hilohilo kwa maneno magumu. Kwa hiyo vikoba, kwaya, timu ya mchangani, kijiwe cha bodaboda: nendeni huko, mkae, msikilize kwanza.

Mniulize pia kuhusu makongamano, maana huwa mnaniuliza. Yale ya hotelini ya kulipia, hela hiyo kanunueni vocha. Nendeni Sabasaba pale barabara ya Kilwa, nendeni Nanenane, John Mwakangale kwa watu wa Mbeya, Nzuguni kwa Dodoma, Themi kwa Arusha. Usiende kununua kapeti. Simama pembeni ya banda nusu saa, uangalie. Banda lenye spika kubwa watu wanapita, wanacheka, wanaondoka. Banda ambalo mtu anaonjeshwa asali, anaulizwa "shida yako ni nini", anaandikwa jina, huyo kesho anapigiwa. Angalieni wale mabinti wanaoandika majina. Hao ndio walimu wenu.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hasa. Nimewahimiza muwe na daftari. Daftari hilohilo linaweza kumuumiza mtu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natunza orodha ya wanachama kwenye Google Sheets. Jina, namba, mtaa, kazi, anaweza kusaidia nini. Ili wenzangu wajaze haraka, nikaifungua kwa yeyote mwenye kiungo, kisha kiungo nikakitupa kwenye grupu. Grupu lilelile la watu elfu moja, ambalo hakuna anayejua nusu yao ni akina nani. Wiki ya tatu mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akaitwa na mkubwa wake wa kazi. Akaonyeshwa jina lake, namba yake, na pale mbele kwenye "anaweza kusaidia nini" mimi mwenyewe niliandika: kutoa sebule kwa vikao. Hakufukuzwa. Alihamishiwa shule ya mbali, mume mgonjwa kamwacha mjini. Nilimpigia kuomba radhi, hakupokea. Hajapokea mpaka leo.

Kumbukeni laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Na hata asiye na mamlaka yoyote, akianza kukutumia hela kwa simu, jina lako kamili linamtokea. Namba siyo namba tu, ni mtu na mlango wake. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inatubana na sisi, siyo kampuni za simu peke yake. Unachukua taarifa za mtu kwa ridhaa yake, kwa kazi aliyoelezwa. Hatuwezi kupiga kelele kwamba serikali inatuchungulia huku sisi tunaanika majina ya watu wetu kama dagaa.

Kwangu mimi sasa utaratibu ni huu. Orodha ya mtaa anaitunza mtu mmoja na msaidizi wake, basi. Hakuna orodha ya kata nzima kwenye simu moja. Safu ya kazi ya mtu nimeifuta kabisa, siihitaji ili kumwambia mkutano ni lini. Mtumishi wa umma akitaka kusaidia, simwandiki popote, namkumbuka kichwani. Na mtu akisema nifute, namfuta mbele yake, aone.

Kwa hiyo kabla ya maswali, toeni simu. Kila mwenye orodha ya wanachama aifungue sasa hivi, aende sehemu ya kushiriki. Ukikuta imeandikwa yeyote mwenye kiungo anaweza kuona, ibane, waache wale uliowaruhusu kwa majina. Halafu tazama hayo majina. Kama kuna mtu alishahama chama au huna uhakika naye, mtoe. Nitapita meza kwa meza, wala msione aibu, na yangu ilikuwa wazi. Chai itasubiri.