Daftari la Samaki Waliobaki Majini

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila katibu aijua maana ya methali hii katika fedha, pamba na kahawa. Walakini ipo mali ambayo vyama huitumia kila siku, nayo haiandikwi po pote: samaki waliobaki ziwani na miti iliyobaki msituni. Kiandikwacho ni mavuno tu.

Mali hiyo ni mtaji, na maongeo yake ya kila mwaka ni faida. Mwaka 1838 Pierre-François Verhulst wa Ubelgiji alionyesha kwa hesabu kwamba viumbe huongezeka upesi penye nafasi, na pole pole wanaposongamana. Mwaka 1954 Mmarekani Milner Schaefer aliitumia kanuni hiyo katika uvuvi. Kanuni yenyewe ni hii: zidisha samaki waliomo kwa kasi yao ya kuongezeka, kisha zidisha kwa sehemu ya nafasi iliyo wazi.

Ichukuliwe kwa mfano ziwa dogo liwezalo kulisha tani 1,000 za samaki, na kasi ya kuongezeka iwe 0.4 kwa mwaka. Wakiwamo tani 500, nusu ya nafasi i wazi. Maongeo ni 500 mara 0.4 mara 0.5, yaani tani 100. Chama kikivua tani 100, mtaji hubaki pale pale. Wakiwamo tani 200 tu, maongeo ni tani 64. Chama kikishikilia tani 100 zile zile, mwisho wa mwaka hubaki tani 164, mwaka wa pili 119, wa tatu 61. Mwaka wa nne tani 100 hazipatikani tena. Kwa miaka mitatu daftari la mauzo halikuonyesha upungufu wo wote.

Jambo hili limekwisha kutokea. Katika bahari ya Newfoundland, nchini Kanada, mwaka 1968 zilivuliwa tani zipatazo 800,000 za chewa wa maji baridi. Mwaka 1977 Kanada ilitwaa usimamizi wa bahari hadi maili 200, ikatumaini kwamba samaki watarudi. Wataalamu walikadiria idadi yao kwa kutegemea, pamoja na vipimo vingine, mavuno ya meli kubwa kwa kila saa ya kuvua. Lakini meli hizo zilikuwa na vyombo vya kutafuta makundi, zikayafuata po pote yalipokusanyika. Kipimo kikabaki kizuri, samaki wakapungua. Katikati ya miaka ya 1980 wavuvi wadogo wa pwani walilalamika kwamba wanapata samaki wachache na wadogo. Malalamiko yao hayakupewa uzito uliostahili. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Katazo lililotangazwa kuwa la miaka miwili lilidumu hadi mwaka 2024.

Ni dhahiri basi kwamba kanuni njema yaweza kupotoshwa na kipimo kibaya. Hapana budi katibu wa chama cha wavuvi aandike, kando ya uzito na bei, mambo manne: idadi ya nyavu, saa zilizotumika, mahali palipovuliwa, na urefu wa samaki. Ikiwa uzito ni ule ule lakini safari zimerefuka na samaki wamefupika, mtaji unaliwa. Na kwa kuwa hakuna awezaye kuwahesabu samaki wote, ni busara kuvua chini ya kiwango ambacho hesabu huruhusu.

Mkutano mkuu unaposomewa mizania, wanachama wana haki ya kuuliza maswali mawili: kimevunwa kiasi gani, na kimebaki kiasi gani? Katibu na awe na majibu ya yote mawili.