Mpunga wa Maji Machache: Kabla ya Kung'oa Miwa



Mchele tunaokula Kenya kwa kiasi kikubwa hutoka nje. Ndiyo maana mpunga unawavutia hata wenye mashamba ya miwa.

Njia iliyoanza Madagaska miaka ya 1980 ilijaribiwa Mwea, Kirinyaga, mwaka wa 2009. Mche hupandikizwa ukiwa mchanga, wa siku 8 hadi 15, mmoja kila shimo, sentimita 25 kutoka kwa mwenzake. Jaruba halikai na maji msimu mzima: hujazwa, huachwa likauke hadi udongo uanze kupasuka, kisha hujazwa tena. Maji yanayotumika hupungua. Hupungua pia methani, gesi inayotoka kwenye udongo uliofunikwa na maji na kuongeza joto duniani.

Lakini Mwea ina mifereji. Anayelima bondeni kando ya Nzoia huenda akapata maji bila shida. Kuyatoa mvua ikikolea ni kazi nyingine. Utafiti wa hapa uanzie hapo. Kisha uangalie palizi: jaruba likikauka magugu huota, na mara nyingi jembe huwa mkononi mwa mama. Saa zake zihesabiwe kama gharama, sawa na mbolea.

Kwa asiye na bonde kuna mbegu za Nerica za nchi kavu, zinazotegemea mvua.

Mkulima atenge kipande kidogo, apande kwa misimu miwili, aandike kila shilingi. Asiye na mahali pa kutolea maji ajaribu Nerica, au abaki na miwa yake kwanza.