Kitabu Kitoke Kabatini: Hotuba ya Mgeni Rasmi

Mtoto wa familia yenye kipato kidogo katika miji ya Mlima Kenya ana vitabu vya aina mbili vya kutafutiwa. Kuna cha kiada, ambacho Serikali humpelekea shuleni, na kuna cha hadithi, ambacho hakuna aliyepewa kazi ya kumpelekea. Katika hafla kama hii viwili hivyo huchanganywa, kisha lawama zikakosa mwenyewe.

Kitabu cha kiada kimepiga hatua. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, chini ya Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kujifunzia. Shule zilijinunulia zenyewe. Tangu 2018 Wizara ya Elimu hununua kwa wachapishaji moja kwa moja na kuvifikisha shuleni, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake kwa kila somo. Ucheleweshaji haujaisha, lakini dawati la watoto watano walioinamia kitabu kimoja cha Hisabati si la kawaida tena kama zamani.

Kitabu cha hadithi kimeachiwa mfuko wa mzazi. Sheria ya kodi ya VAT ya mwaka 2013 ilikiongezea asilimia 16, kama bidhaa nyingi za dukani. Kisha kuna suala la majira, ambalo wapangaji wa mipango hulisahau. Mkulima mdogo wa chai wa Tetu au Othaya hupata malipo kidogo kila mwezi, na bonasi humfikia karibu na Oktoba. Shule hufunguliwa Januari, Krismasi ikiwa imeshapita na kilichokuwepo. Huyo ana majani ya kuchuma. Wapo wasio na shamba kabisa, wakiwemo wajukuu wa waliokusanywa katika vijiji vya wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, na ambao hawakupata ardhi ya kurudia. Anayeishi kwa kibarua hununua unga kwanza, na hakuna wa kumlaumu.

Wazazi wamejitafutia njia yao: vitabu vya mitumba. Kila Januari mama hufika kwenye meza ya muuzaji na mfuko wa vitabu vya mwaka uliopita. Muuzaji hukipindua kimoja, hutazama uti wake, huhesabu kama kurasa za mwisho zipo, hufuta majibu ya penseli kwa kifutio, kisha hutaja pesa ya kuongezea ili mama apewe cha darasa linalofuata. Biashara hiyo iliyumba mtaala mpya wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019. Gredi kwa gredi, kilichomfaa kaka kikakosa wa kukirithi.

Maktaba za umma ndizo zilizokusudiwa kuziba pengo. Huduma ya Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1965, na eneo hili lilipata matawi Nyeri, Nanyuki, Meru, Embu na Murang'a, miongoni mwa miji mingine. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Hata hivyo jengo lililo mjini humsaidia aliye karibu nalo. Kwa mtoto wa Kieni, nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ambayo nyumbani ina kazi nyingine. Garissa ililitatua jambo hilo tangu 1996 kwa kuwabebesha ngamia masanduku ya vitabu hadi kwa wafugaji. Kieni haihitaji ngamia. Boda boda moja yenye sanduku lisilopenya mvua ingefika mbali.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwandishi Gakaara wa Wanjau aliendesha kiwanda chake cha uchapaji Karatina, akitoa vitabu vya Kikuyu, na mwaka 1984 akapata Tuzo ya Noma kwa kitabu cha kumbukumbu zake za kizuizini. Mji mdogo wa soko ulichapa kilichosomwa na majirani zake. Leo mtoto wa gredi ya kwanza anayezungumza Kikuyu au Kimeru nyumbani hupata vichache mno vya lugha hiyo. Hadithi za mradi wa African Storybook, zikiwemo za Kiswahili na Kikuyu, zina ruhusa ya kuchapwa bure, kwa hiyo gharama inayobaki ni karatasi na wino. Tanzania nayo, kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa 1991, iliwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala ingenunuliwa na kupelekwa shuleni, na vitabu vya watoto vya Kiswahili vikapata soko.

Kikwazo kilicho karibu zaidi, na ambacho hakihitaji bajeti, ni kabati. Katika shule nyingi vitabu vya hadithi vipo: vimegongwa mhuri, vimeandikwa kwenye daftari la stoo, vimefungiwa ofisini, na kurasa zake bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Mwalimu mkuu anaogopa mkaguzi, kwa kuwa kitabu kilichopotea huulizwa na ambacho hakijasomwa hakiulizwi. Maafisa wa elimu wana uwezo wa kuligeuza swali hilo wakati wa ukaguzi.

Walimu wakuu waliomo ukumbini wanaombwa wasisubiri waraka. Ijumaa hii, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, kabati lifunguliwe, kila mtoto aondoke na kitabu kimoja, jina lake liandikwe. Jumatatu kikirudi na doa la chai, kipokewe, na apewe kingine.